Kikundi kisicho na bosi kigawane vipi malipo, na je, sarafu isiyo na serikali itatufaa? Naomba ushauri

Mizani Iliyoinama

Wanajamvi, salamu. Ninaandika usiku kwa sababu usingizi umenikataa, na kikao chetu ni Jumamosi. Sisi ni kikundi cha watu saba tunaoandika programu za kompyuta kwa wateja wa mbali. Tulipoanza, miaka minne iliyopita, tulikubaliana kwamba hatutakuwa na bosi wala mwajiriwa: saa ya mmoja ni sawa na saa ya mwingine, na kila mtu huandika saa zake katika daftari moja ambalo wote tunalisoma. Wengi wetu tunajiita waanakisti, yaani watu wasiokubali mtu amtawale mwenziwe, iwe kwa cheo, kwa mali au kwa bunduki.

Sasa tumeanza kukwaruzana. Mwenzetu mmoja, hodari kuliko sote, anasema kwamba anamaliza kwa saa mbili kazi ambayo wengine wanaikokota kutwa, hivyo kwake usawa wa saa ni kunyonywa. Mwingine analea mtoto mgonjwa. Katika daftari, mbele ya tarehe, utakuta ameandika "saa 2, hospitali" kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi imetoboka, naye anauliza kwa nini hitaji lake lisihesabiwe. Juu ya hayo, mimi ndiye mweka hazina, na ninaona haya kwamba watu tunaopinga mamlaka tunaweka akiba yetu benki, ambako lazima mmoja wetu aandikishwe kuwa mwenyekiti. Ninafikiria kupendekeza tuhamie kwenye sarafu ya kidijitali ambayo haina benki kuu. Je, malipo ya haki ni yapi kwa mtazamo huu, na sarafu hiyo itatusaidia?

Kobe Hana Haraka

Mkuu, mkiwa saba bila bosi basi mna mabosi saba, ilhali mimi huyu mmoja tu ananimaliza. Huyo hodari mlipeni kwa sifa, kwa kuwa sifa hazina mfumuko wa bei.

Msomi Mkavu

Tuache mzaha kidogo. Ugomvi wenu uliwahi kuwagawa waanakisti wenyewe. Mwaka 1827 Mmarekani Josiah Warren alifungua duka Cincinnati ambamo bidhaa iliuzwa kwa gharama yake, kisha mnunuzi akalipia muda wa muuzaji, uliopimwa kwa saa, kwa kutoa hati ya kuahidi kazi ya muda kama huo. Hata hivyo Warren alitambua kwamba kazi nzito au ya kuchukiza inaweza kustahili zaidi ya saa kwa saa. Baadaye mwanakisti Mrusi, Mikhail Bakunin, na wafuasi wake walitaka ardhi na viwanda viwe mali ya wote, lakini kila mtu apate kwa kadiri ya kazi yake. Mrusi mwingine, Peter Kropotkin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1892, alilikataa hilo. Alichukua mfano wa mgodi wa makaa ya mawe: yupo anayeendesha kizimba cha kushusha na kupandisha watu, yupo mchimbaji, yupo mhandisi, na wote ni wa lazima; ni nani basi atakayetenganisha mchango wa huyu na wa yule? Kwake kipimo kilikuwa hitaji.

Hispania, baada ya mapinduzi ya mwaka 1936, baadhi ya vijiji vya Aragón vilifuta pesa na kugawa kwa kuangalia ukubwa wa familia, na vingine vikachapisha kuponi zao vyenyewe. Kwa hiyo mwenzenu wa hospitali ana Kropotkin upande wake, na hodari anaweza kumwita Bakunin awe shahidi. Ninyi wengine mmekaa katikati na Warren, mkitazama saa.

Nyani Mzee

Uzi huu umenikumbusha mbali. Niliwahi kuwa katika kikundi cha wafasiri, nasi tulilipana kwa idadi ya maneno. Mwezi wa kwanza kila mtu alikuwa mwaminifu. Mwezi wa tatu, palipotosha "alikataa" ukakuta mtu ameandika "alionyesha kwa namna iliyo wazi kwamba hakuwa tayari kukubali". Kitabu cha kurasa 200 kikazaa kitabu cha kurasa 310, mteja akakimbia, nami nikaenda kuishi kwa shemeji yangu, ambaye naye ana kisa chake, lakini hicho nitakianzishia uzi.

Mlipa Kodi

Vijana, mnajadili nani alipwe nini ilhali barabara mnazopita na mahakama mtakayokimbilia mkidhulumiana ni vya serikali mnayoikana. Mwenye haki hakimbii benki. Akimbiaye ana jambo.

Bibi wa Mizania

Ninakagua hesabu za watu kwa miaka mingi, nami nimezoea kusoma vitenzi kabla ya tarakimu. Ndugu mleta uzi, umeandika kwamba unafikiria kupendekeza, kisha ukauliza kama sarafu "itatusaidia". Mwenye pendekezo tu angeuliza kama "ingetusaidia". Nijibu maswali mawili: akiba hiyo iko wapi usiku huu, na ufunguo wake anao nani?

Mizani Iliyoinama

Bibi, sikutaka kuchanganya mambo, kwa sababu swali langu lilikuwa la msingi. Ni kweli kwamba akiba imeshahama. Niliihamishia kwenye bitkoini wiki 9 zilizopita, yote, ambayo ni malipo ya kikundi kizima ya miezi mitano. Naomba msinihukumu kabla ya kunisikiliza. Ajenda hiyo ilipangwa katika vikao vitatu, na mara zote tatu iliahirishwa. Benki nayo iliwahi kuifunga akaunti yetu kwa siku 11 bila maelezo, tukakaa bila malipo huku mtoto wa mwenzetu akiwa amelazwa. Sarafu hii ilizaliwa kwa sababu ya mambo kama hayo: katika bloku yake ya kwanza, yaani fungu la kwanza la kumbukumbu zake za miamala, ya tarehe 3 Januari 2009, muundaji wake aliyejiita Satoshi Nakamoto alipachika kichwa cha habari cha gazeti la The Times kuhusu serikali ya Uingereza kukaribia kuziokoa benki kwa mara ya pili. Hazitatolewa zaidi ya milioni 21, na hakuna waziri anayeweza kuongeza hata moja.

Ufunguo ninao mimi. Ni maneno 12 ya siri yanayofungua pochi ya sarafu hizo, niliyoyaandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma la kamusi, moja chini ya jingine, na neno la tisa limeanza kufutika kwa sababu kidole changu hupita hapo kila ninapolifungua. Thamani imeshuka kwa robo, lakini huwa inapanda tena.

Kobe Hana Haraka

Sasa watu wote wa jamvi wanajua kwamba ni kamusi, limebaki kutafutwa kabati tu.

Kisima cha Kale

"Huwa inapanda tena" ni sentensi iliyowagharimu wengi. Novemba 2021 bitkoini moja ilikaribia dola 69,000, na Novemba 2022 ilikuwa chini ya dola 16,000. Ndiyo, baadaye ilipanda kupita hapo, lakini mtu mwenye mtoto hospitalini halipi deni la leo kwa bei ya miaka miwili ijayo. Akiba ya malipo ya watu haipaswi kukaa kwenye kitu kinachocheza hivyo, hata kama kitu chenyewe ni kizuri.

Zaidi ya hapo, umeikimbia benki kwa sababu ilikaa na mamlaka ya kufunga na kufungua bila kumuuliza mtu, kisha mamlaka hayohayo ukayaweka ndani ya jalada la kamusi lako. Benki walau ilikuwa na dirisha la kulalamikia. Ukipoteza yale maneno hakuna wa kumlilia, na ukituma kimakosa hakuna wa kurudisha. Pochi za saini nyingi zipo: mnaweza kuipanga ili pesa isitoke mpaka watu wanne kati ya saba wametia saini, kila mmoja kwa ufunguo wake. Kuipanga kunachukua jioni moja. Kwa nini hukufanya hivyo?

Mizani Iliyoinama

Kwa sababu ningelazimika kuwaeleza.

Msomi Mkavu

Jibu hilo ni fupi na lina mengi. Niongeze mifano miwili. Mwanakisti Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon, aliyeandika mwaka 1840 kwamba mali ni wizi, alianzisha Benki ya Watu mjini Paris mapema mwaka 1849 ili wafanyakazi wakopeshane bila riba ya kuwakamua. Miezi michache baadaye alihukumiwa kifungo kwa makala za kumshambulia Louis-Napoléon Bonaparte, rais wa Ufaransa wakati huo, na benki ikavunjwa kabla haijaanza kufanya kazi sawasawa. Benki ya watu ilikuwa imeegemea mtu mmoja.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2016, na unahusu sarafu za kidijitali. Kwenye Ethereum, mtandao wa sarafu nyingine ya kidijitali iitwayo etha, kulikuwa na mfuko ulioitwa The DAO, ambao haukuwa na mkurugenzi. Ilisemekana kwamba programu yenyewe ndiyo sheria. Mtu akapata tundu katika programu hiyo akachota takriban etha milioni 3.6. Walio wengi wakakubaliana kubadili kumbukumbu ili pesa irudi, wachache wakakataa, na mtandao ukagawanyika; upande wa waliokataa ukaitwa Ethereum Classic. Waliosema kwamba hawana serikali walilazimika, ndani ya wiki chache, kuamua pamoja nani arudishiwe na nani asirudishiwe. Siwalaumu. Ninachosema ni kwamba waliamua hadharani.

Jicho la Tatu

Wakuu, samahani kwa kuwakatiza, lakini kwa lugha ya jamvini hii ni chai, yaani hadithi ya kutunga. Watu saba, tena wanaojua kompyuta na wanaosoma daftari moja, wamekaa wiki 9 bila hata mmoja kuuliza salio? Akaunti inayohitaji mwenyekiti imehamishwa yote na mweka hazina peke yake? Na mtu asiyelala kwa hofu anakumbuka tarehe ya bloku ya kwanza? Huyu ama ni mwanafunzi anayetaka tumwandikie insha, ama ni muuza sarafu anayepima upepo. Tena ngoja atuhesabie vizuri: Jumamosi kuna kikao cha watu wangapi?

Nyani Mzee

Hata mimi nilishangaa, lakini hata hadithi yangu ya wafasiri kuna mtu aliwahi kuiita chai, na ilikuwa kweli isipokuwa zile kurasa.

Mlipa Kodi

Iwe chai, isiwe chai, fundisho liko palepale.

Kisima cha Kale

Fundisho gani, mzee? Wewe ulikuja kutetea barabara. Jicho la Tatu ana hoja kuhusu mwenyekiti. Mleta uzi, tujibu.

Mizani Iliyoinama

Kikao ni cha watu sita. Yule hodari ameondoka wiki iliyopita. Yeye ndiye aliyeandikishwa benki kuwa mwenyekiti, na zamani alinipa namba zake za siri ili nisimsumbue kila tunapolipana, nami nilizitumia. Sikulisema hilo mwanzoni kwa sababu nilijua mtakachoniita. Salio walikuwa wakiliuliza, nami niliwasomea lile la mwisho la benki.

Sasa anadai sehemu yake moja ya saba, kwa thamani ya salio hilo, na ameiweka Jumamosi kuwa siku ya mwisho. Nimeshaandaa hoja: nitampa moja ya saba ya sarafu kama zilivyo. Akiwa anaamini uhuru, apokee na apande na kushuka nasi. Kimsingi hiyo ni haki, na nikipewa miezi michache hakuna atakayekuwa amepoteza.

Bibi wa Mizania

Kwa hiyo lile swali la Warren na Kropotkin halikuwa swali lako. Tupige hesabu ya kweli. Tuseme akiba ilikuwa 700, sasa ni 525. Ukimlipa mia yake kamili, wanabaki sita wenye 425, yaani chini kidogo ya 71 kila mmoja, na hasara yote wameibeba wao, akiwemo mama wa mtoto mgonjwa, ambaye hakuulizwa. Ukimpa moja ya saba ya kilichopo, anapata 75, na amebebeshwa hasara ya uamuzi uliofanywa kwa jina lake na kwa namba zake za siri. Iko njia ya tatu ambayo hukuiandika: 175 zilizopungua ni deni lako, unalilipa kutoka saa zako mwezi kwa mwezi, na ratiba yake inaandikwa katika lile daftari mnalolisoma wote. Kama wenzako watataka kukupunguzia, hiyo ni hiari yao, nawe huna kura siku hiyo.

Wala usingoje Jumamosi. Mpigie mtu mmoja leo, umweleze kabla hujapata muda wa kuipamba.

Kobe Hana Haraka

Bibi, ningekuwa na mkaguzi kama wewe nisingekuwa na marafiki, lakini ningekuwa na akiba.

Jicho la Tatu

Ninaendelea kusema ni chai. Yule hodari angeona ujumbe wa benki kwenye simu yake siku ileile.

Mizani Iliyoinama

Namba ya simu iliyoandikishwa benki ni yangu, Jicho. Sina la kukuthibitishia zaidi.

Nimempigia mama wa mtoto. Ndiye anayelitunza daftari la saa, na nilidhani kwamba atapiga kelele. Nilimweleza yote, wiki 9, namba za siri, robo iliyopungua. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, nikasikia mashine ya wodini ikilia nyuma yake. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Usipoamka kesho, hilo kamusi liko wapi?"

Jicho la Tatu

Ulimjibu?