Mafundi wa mtandao Mbeya, mnafunga seva halafu mnaondoka na pasiwedi zetu!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Tuna kampuni ndogo ya pembejeo huku Uyole. Kompyuta za kaunta, ya mhasibu na ya stoo, basi. Bosi kajikamua, ikanunuliwa seva mpya ili mauzo na stoo vikae sehemu moja. Fundi kaja na begi lake, kachomeka kebo kwenye rauta, kaona taa ya kijani inawaka, kadai hela yake yote. "Imeisha hiyo."

Imeisha wapi? Umeme ukikatika ukarudi, kaunta haziioni seva. Mkulima katoka Inyala kufuata mifuko yake ya mbolea ya DAP, kasimama, mhudumu anaandika bei kwenye daftari huku anatafuta kalamu.

Nikaingia kwenye rauta kuangalia. Kumbe seva imeachwa igawiwe anwani (ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao) na rauta, kama simu ya mgeni aliyeomba waifai! Rauta yetu ikizima inasahau ilimpa nani nini. Ikiwaka, simu ya dereva inawahi 192.168.1.5 iliyokuwa ya seva, seva inapewa nyingine, na programu ya mauzo bado inaigongea ile ya zamani. Seva inatafutwa na wenzake, lazima ikae na anwani moja isiyobadilika, tena nje ya zile zinazogawiwa. Kwenye namba ya mwisho ya anwani, rauta igawe kuanzia 100 hadi 200, seva ikae 10. Ni kazi ya dakika chache tu jamani!

Nikampigia. Eti tuongeze RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta. RAM na anwani wapi na wapi?

Kebo ya kwenda stoo sitaki hata kuisema. Imefungwa kwa kamba ya sandarusi, imelala bega kwa bega na waya wa umeme juu ya dari.

Kilichonitoa jasho ni hiki: kwenye rauta alifungua mlango wa 3389, ule wa kuendeshea kompyuta ukiwa mbali, kutoka intaneti moja kwa moja hadi kwenye seva, ili awe anaingia akiwa kwake. Pasiwedi? Jina la kampuni na 123. Kuna watu huko duniani programu zao zinatafuta mlango huo usiku na mchana. Wakiingia wanayafunga mafaili yote, halafu wanadai fedha. Deni za wakulima wa msimu mzima ziko humo!

Mlango nimeufunga, na nimeiambia rauta iitunzie seva anwani yake. Ila ndani ya seva siwezi kugusa kitu, pasiwedi ya msimamizi anayo yeye. Nikiomba anasema ni utaratibu wa ofisi yake, nimwite, nilipie kuja. Seva ya nani sasa?

Kama yupo fundi hapa Mbeya anayemaliza kazi na kumkabidhi mwenye mali karatasi yenye anwani na pasiwedi zote, aniandikie. Wa "imeisha hiyo" mpite tu.