Riwaya za upelelezi za wafumaji, ufundi ni pambo tu?

Mdau wa Kirumba: Habari zenu wakuu, nimemaliza riwaya moja ya Uingereza, mpelelezi ni mama mwenye duka la nyuzi, damu hamna matusi hamna, wamama wa kufuma ndo wanamnasa muuaji. Nimeipenda ila mume wangu anasema ufumaji umewekwa kama pambo. Mnaonaje?

Fundi Nyakato: Dada, ufundi ukiwa pambo kitabu kimekufa! Mi nafuma vitambaa vya makochi, kroshia ni sindano moja yenye kulabu, sweta ni sindano mbili, na mtu wa mashoto kroshia yake mishono inalalia upande mwingine kabisa, ukiishika kwenye mwanga unaona. Mwandishi akimnasa mwongo kwa mishono hiyo, mi nasoma mpaka alfajiri.

Kijana wa Igoma: Hiyo ya mashoto nimeielewa sana. Kinachonichosha ni kijiji kidogo halafu kila kitabu maiti mpya. Natamani mtu aandike ya kwetu, mfano wanaoshona nyavu pale Mwaloni, soko la samaki Mwanza, fundo tu linamtaja aliyelifunga.

Mdau wa Kirumba: Basi changu kimefaulu, muuaji kaumbuka kwa sweta aliyodai kaifuma mwenyewe.