Waiva kwenye ligi ya dainasti: mkiani kwanza, foleni au dau la siri?

Endizoni_Kinondoni: Wakuu, ligi yetu ya fantasy ya NFL, futiboli ya Kimarekani (timu 12 za kubuni zinazovuna pointi kwa wanachofanya wachezaji halisi uwanjani, wengi tuko Dar) mzozo ni uleule: waiva, yaani usajili wa kila wiki wa wachezaji wasio na timu kwenye ligi yetu, nani aanze? Sasa hivi anayeshika mkia ndiye anayesajili kwanza kila wiki. Naona anakula mara mbili: drafti ya makinda (kuchagua wachezaji wapya wa mwaka) yeye wa kwanza, waiva yeye wa kwanza. Ingekuwa ligi ya msimu mmoja nisingelalamika, ila huku kwenye dainasti ukinasa mtu ni wako miaka na miaka. Mkumbuke Puka Nacua 2023. Mpokeaji yule kwenye drafti ya NFL yenyewe kachaguliwa raundi ya 5, namba 177, mechi ya kwanza tu kadaka mipira 10 kwa yadi 119. Msimu akafunga na yadi 1,486, rekodi ya mpokeaji wa mwaka wa kwanza. Aliyemwokota bure wiki ile anatamba mpaka leo. Tufanyeje?

BabaQB: Foleni. Ukitumia zamu unarudi nyuma. Basi.

Dada_Tachidauni: Kaka, foleni tumeshaicheza. Mwenye namba 1 anaikalia wiki sita akisubiri mkimbiaji na mpira (running back) wa timu kubwa aumie amchukue msaidizi wake. Anayehangaika na kikosi kila Jumanne ndiye anayekaa nyuma. Hiyo inalipa uvivu.

Mkorofi_Mbagala: Dau la siri, mambo yaishe. Kila timu ipewe pointi 100 za msimu mzima. Sio kama mnada wa samaki pale Feri unamsikia mwenzako katoa ngapi. Hapa unaandika kimya kimya, Jumatano programu inafungua, dau kubwa linabeba. Unamtaka Nacua? Toa 80, halafu uishi na 20 mpaka Desemba.

Endizoni_Kinondoni: Sare je?

Dada_Tachidauni: Sare apewe aliye dhaifu, lakini msiangalie msimamo. Angalieni pointi ambazo timu ingepata kama kila wiki ingepanga kikosi chake bora. Yule anayeacha nyota benchi makusudi ili afungwe, hesabu hiyo inamuumbua. Na drafti ya makinda ipangwe hivyohivyo, maana kule ndiko kujifungisha kunakolipa zaidi.

BabaQB: Hapo sawa, nakubali dau. Ila mmesahau saa. Waiva zetu zinapita Jumatano saa nne asubuhi, waliobaki ni wa aliyewahi. Sisi wengine tuko kazini, simu iko mfukoni bosi anakuangalia, na mwenzetu wa Houston, Marekani, kalala fofofo. Turudie waiva Jumapili mchana. Mechi za kwanza kwetu ni saa mbili usiku, Novemba zinasogea saa tatu.

Mkorofi_Mbagala: Naunga mkono. Na bajeti ya zile pointi 100 isiuzwe kwenye kubadilishana wachezaji. Timu iliyokata tamaa itamgawia rafiki yake pointi zote.

Dada_Tachidauni: Hapo nakataa, kuuza ndio utamu wenyewe. Wekeni ukomo wa 30. Ila dau la sifuri liruhusiwe, la sivyo aliyeishiwa Novemba akipata majeruhi hana hata wa kuziba pengo.