Kipima betri changu kinanidanganya, naomba ushauri
Habari zenu wadau. Niko Kondele, Kisumu. Nimeunda kipima betri kwa Arduino Nano (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiprogramu) na rezista ya omu 3.9, wati 10, nipime seli za 18650 (betri za lithiamu za umbo la silinda) nilizotoa kwenye betri za laptopu kuukuu. Kinakata mzigo (yaani ile rezista inayomaliza chaji) volti za seli zikishuka hadi 3.0.

Shida ni hii: mzigo ukiwa umewashwa, mita inasoma 3.8 kwenye seli yenyewe, Nano inasema 3.5. Basi kinakata mapema na seli nzuri inaonekana mbovu. Nimebadilisha klipu, nimepiga solda upya, wapi! (Rezista inachoma kidole, lakini hilo nalielewa.)

Je, nivute waya mbili nyembamba za kupimia tu, moja kwa moja kutoka kwenye seli? Au kosa ni zile volti 5 za chaja ya simu, ambazo Nano inazitumia kama kipimo chake cha kulinganishia?