Tupeane uzoefu: Slopu nasibu kwenye modeli za mseto zimekutoa jasho wapi?

Mtoa mada: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anamalizia masta ya kilimo, leo R (programu ya takwimu) imemtolea ule ujumbe wa singula, kwamba modeli imezidi kile data inachoweza kukadiria, nikakumbuka mbali sana. Anataka kujua mbolea inaongeza mahindi kiasi gani, kila kijiji kina viploti vyenye mbolea na visivyo nayo. Anatumia modeli ya mseto, ile ya data iliyo kwenye makundi kama vijiji. Intasepti ya kila kijiji (kiwango chake cha kuanzia) ameshaweka, swali ni je, faida ya mbolea nayo aiache itofautiane kijiji kwa kijiji, yaani slopu nasibu? Mliopita huku tupeane uzoefu.

mama_data: Mkuu umenitonesha kidonda. Yangu ilikuwa data ya presha, wagonjwa wanapimwa kila wakija kliniki, nikaweka slopu ya muda kwa kila mgonjwa maana wengine dawa inawashika mapema wengine wapo palepale, hata kwenye grafu unaona kabisa mistari inapishana. Siku ya difensi mtahini wa nje akaniambia toa hizo slopu, mbona bila hizo thamani ya p ilikuwa nzuri, akasema kwa ukali, mama yangu amekaa pale nyuma na kitenge kipya, msimamizi wangu yuko bize na simu. Nikaomba nifungue R kwenye projekta. Nikachukua data ya sleepstudy inayokuja na lme4 (kifurushi cha R cha modeli za mseto), watu 18 waliopunguziwa usingizi, wanapimwa kasi ya kuitikia siku 10. Modeli zote mbili zinasema wanachelewa kama milisekunde 10.5 zaidi kila siku, lakini kosa sanifu bila slopu ni 0.80, ukiweka slopu linakuwa 1.55. Nikamwambia prof, makadirio ni yaleyale, kilichobadilika ni modeli kuacha kujifanya inajua kuliko inavyojua. Ukumbi kimya. Wakaniandikia masahihisho makubwa vilevile.

Nguzo: Pole sana dada. Yametukuta wengi.

chapchap: Masahihisho makubwa kwa lipi sasa?? Digrii ulipata?

mama_data: Nilipata, na slopu zimo.

Kiranja: Barr na wenzake walishamaliza kwenye makala yao ya 2013, weka kila slopu ambayo muundo wa utafiti unaruhusu. Hakuna mjadala.

Mzee wa R: Mjadala upo. Bates, ambaye lme4 yenyewe ni kazi yake, na wenzake walijibu 2015 kwamba modeli isizidi kile data inachoweza kubeba. 2017 Matuschek na wenzake wakaonyesha ukijaza kila kitu unaweza kupoteza nguvu ya kuiona athari iliyopo. Halafu Barr alikuwa anaongelea majaribio ya saikolojia ya lugha, si mashamba.

Kiranja: Kwa hiyo tunyofoe slopu mpaka p ikae vizuri?

Mzee wa R: Nani kasema hivyo? Soma nilichoandika ndugu yangu.

chapchap: Huo ujumbe wa singula, abadilishe optimaiza (njia ya R ya kutafuta makadirio), aweke ile ya bobyqa, itatulia.

Mzee wa R: Bobyqa ni ya modeli isiyofika mwisho. Singula ni variansi (kipimo cha vijiji kutofautiana) imegota sifuri au korelesheni ya intasepti na slopu imegota 1 au -1, optimaiza haikusaidii hapo.

Shamba Darasa: Afadhali yeye mbolea inabadilika ndani ya kijiji. Mradi wetu wa vyandarua kijiji kizima kinapewa au kinakosa, na bosi analazimisha slopu ya chandarua kwa kijiji. Utaijuaje tofauti kwenye kijiji ambacho hakijawahi kuwa na hali zote mbili? Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mtoa mada, vijiji vingapi?

Mtoa mada: Vitano.

Shamba Darasa: Vitano!! Ndo maana. Unakadiria variansi mbili na korelesheni kwa vijiji vitano, vitatoka wapi? Aweke kijiji kama athari thabiti, yaani kila kijiji kikadiriwe chenyewe, na mwingiliano wake na mbolea ili faida ya mbolea nayo ikadiriwe kijiji kwa kijiji.

Nguzo: Mi ningetoa korelesheni kwanza, kwenye fomula ya lme4 unaandika || badala ya |. Ila mbolea iwe namba 0 na 1, kwenye lme4 yangu ikiwa kategoria korelesheni inabaki humohumo.

Kiranja: Akitoa slopu aandike wazi kwenye tasnifu kwamba alitoa na kwa nini. Hapo silegezi.

Mzee wa R: Hapo tuko pamoja.

Mtoa mada: Dogo anauliza, akiweka athari thabiti halafu mtahini akasema matokeo hayavuki nje ya vijiji hivyo, ajibu nini?

mama_data: Amwambie ndivyo ilivyo, ni ya vijiji hivyo 5. Hata slopu nasibu kwa vijiji 5 isingemfikisha mbali. Na aende na R ikiwa wazi.