Wakuu, mashairi ya Kiingereza cha zamani yanasomwaje?

Fundi Cherehani:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi nguo, shule niliishia kidato cha nne. Mwezi uliopita nilinunua kwa wauza vitabu wa chini kitabu cha mashairi ya Kiingereza, jalada limechanika, buku mbili tu. Nia ilikuwa kunoa Kiingereza. Sasa kimeniteka, nasoma mpaka mteja anagonga meza.

Kinachonisumbua ni hiki. Nimezoea shairi letu, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho. Haya nahesabu napata kumi, katikati hakuna kina, na cha mwisho kinaruka mstari. Halafu kuna la Shakespeare, namba 18, anamuuliza mpenziwe amfananishe na siku ya kiangazi? Jamani, kiangazi! Februari hii Dar jasho linadondokea kitambaa, ndiyo sifa ya mpenzi? Nikifungua kamusi kila neno, utamu unakwisha. Niendelee au niache?

Mpita Njia:
Muyaka, mshairi wetu wa zamani, umemmaliza? Hayo ya wakoloni ya nini?

Chaki Nyeupe:
Mkuu, acha kuhesabu kwa vidole, sikiliza mkazo. Sisi mkazo wetu hautusumbui, karibu siku zote uko silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunahesabu silabi. Wao mkazo unahamahama, ndio wanaoupima. Sema kwa sauti: Shall I compare thee to a summer's day. Nyepesi, nzito, nyepesi, nzito, mara tano. Kama cherehani yako ni ya miguu, kanyaga pedali huku unasoma, utaisikia. Mistari ni 14, na miwili ya mwisho ina kina kimoja, hapo ndipo anapokaza fundo. Kamusi weka kando mpaka umesoma mara tatu, kisha tafuta neno lililokukwaza tu.

Binti Mvita:
@Mpita Njia, Muyaka ni wa kwetu Mombasa, namsoma, na Shakespeare namsoma. Mwalimu Nyerere mwenyewe alimtafsiri, tamthilia yake ya Julius Caesar ilitoka kwa Kiswahili 1963. Alikuwa mkoloni?

Fundi, kule kwao adui ni baridi. Joto hulingojea mwaka mzima, likija halikai. Na mstari wa tano yeye mwenyewe anakiri kwamba jua huzidi. Rudi mstari wa nne, kuna neno lease. Hilo fungulia kamusi.

Ukimalizana naye nenda kwa Keats, mshairi mwingine wa Kiingereza. Alisomea utabibu, kifua kikuu kikamuua Roma 1821, miaka 25 tu. Aliomba kaburini wasiandike jina lake, waandike kwamba hapa amelala mtu ambaye jina lake liliandikwa majini. Mimi hapo nilifunga kitabu nikaenda kukaa baharini.

Mpita Njia:
Haya, la Mwalimu nimeshindwa. Ila Muyaka bado anawazidi.

Fundi Cherehani:
Nimerudi. Lease ni mkataba wa kupanga! Yaani kiangazi nacho ni mpangaji, na mkataba wake ni mfupi. Wakuu, mimi mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na zimebaki wiki mbili, mstari huo nani anifafanulie tena? Pedali nayo imekubali, mara tano kamili. Nimeuandika kwa chaki ukutani juu ya cherehani. Asubuhi mteja kaniuliza hiyo ni bei ya nini.