Eti "ikiingia imekubali"! Huyu fundi atatumalizia amplifaya zote mjini

Risasi_6040 (mleta uzi):

Wakuu, hasira zimenipanda mpaka kisogoni. Ile sauti ya yule fundi imezunguka leo kwenye magrupu yote ya wapiga gitaa na nyote mnamjua, simtaji. Kaulizwa swali la heshima kabisa: Champ (amplifaya ndogo ya gitaa) ya zamani, valvu ya rektifaya 5Y3, ile inayogeuza AC kuwa DC, imekufa, iliyopo ni GZ34, je inafaa? Akajibu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya transfoma: "Soketi si ile ile? Ikiingia imekubali."

Ikiingia imekubali! Mguu wa mtoto nao unaingia kwenye buti la baba yake, kwa hiyo aende nalo uwanjani?

Pini ni zile zile kweli: 2 na 8 hita, 4 na 6 anodi. Ndiyo maana inaingia. Lakini 5Y3 ikibeba mzigo inameza volti 50 hivi, na GZ34 inameza 17 tu hata ikivutwa miliampea 225. Zile volti ambazo hazimezwi tena zinakwenda kwa 6V6, valvu ya nguvu inayosukuma spika. Champ ya saketi ya 5F1 ina rezista ya ohmu 470 kwenye kathodi. Ukikuta volti 20 juu yake, mkondo ni miliampea 42 na ushee. Kukiwa na volti 320 kati ya anodi na kathodi, hizo ni wati 13.6, na kikomo cha 6V6GT ni 14. Yaani iko ukingoni kabla hujagusa kitu! Ongeza volti 35, mkondo nao upande hadi 48, umefika wati 17. Anodi inawaka nyekundu kama jiko la mkaa, halafu mtu anakwambia imekubali. Imekubali kufa!

Na hakuishia hapo. Mwenye amplifaya ya Deluxe Reverb akaambiwa atoe GZ34 aweke 5U4, kwa sababu "ile nene inadumu". Hita ya GZ34 inavuta ampea 1.9, ya 5U4GB inavuta 3. Hiyo 1.1 ya ziada inatoka kwenye koili ya volti 5 ya transfoma yenye umri wa babu yangu, na transfoma ndiyo kifaa cha bei mbaya kuliko vyote humo ndani. Tena filamenti ya 5U4 ndiyo kathodi yenyewe, inapata moto ndani ya sekunde chache wakati valvu za nguvu bado zimelala. Transfoma ya 330-0-330 (volti 330 kila upande) bila mzigo inapandisha kapasita, zile zinazohifadhi chaji, hadi volti 466. Kikomo kilichoandikwa juu yake ni 450.

Anayetaka kubadilisha asome kwanza maandishi ndani ya boksi la amplifaya, atafute namba ile ile. Chomoa plagi ukutani, usiridhike na swichi. Subiri dakika 15 ipoe. Shika kitako cheusi, si kioo, itikise taratibu huku ukivuta. Mpya uizungushe mpaka ule mlingoti wa katikati ukae kwenye mfereji wake, ndipo ubonyeze. Ukifungua chesisi (fremu ya chuma), toa chaji ya kapasita kwa rezista ya kiloohmu 10 wati 5 yenye klipu, mkono mmoja mgongoni, kisha pima pini 8 na chesisi. Chini ya volti 10 ndipo uguse.

Ikiingia imekubali! Siamini bado.

Oktali:

Nakuunga mkono, ila umeruka kapasita ya kwanza baada ya rektifaya. Wengi wakisikia mngurumo wanachomelea mikrofaradi 100 eti izime. 5Y3 inastahimili 20, 5U4GB 40, GZ34 60. Zaidi ya hapo, kila ukiwasha kapasita tupu inavuta mkondo wa ghafla, utaona cheche ya buluu ndani ya kioo na fyuzi chini. Halafu wanalaumu valvu. Tena angalieni 5Y3 nyingine mpya za kutoka Urusi: zina kathodi iliyotengwa na hita na zinatoa volti zaidi ya 5Y3 za zamani. Jina moja, tabia nyingine. Pima kila mara.

BesiNzito:

Mleta uzi kunywa maji. Povu lote hili kwa valvu moja? Weka dayodi mbili ulale.

Risasi_6040:

@BesiNzito wewe ndiye mwanafunzi wake! Dayodi haimezi hata volti mbili. Ukiiweka mahali pa 5Y3 umefanya vibaya kuliko GZ34, na volti zinaruka papo hapo. Dayodi zina kazi moja nzuri hapa: 1N4007 mbili mfululizo kati ya transfoma na kila anodi, pini 4 na pini 6, mstari ukielekea kwenye valvu. Rektifaya ikipiga shoti, dayodi zinazuia mkondo kurudi na transfoma inapona. Valvu inabaki mahali pake, inaendelea kumeza volti zake.

Mzee_wa_Risoneta:

Mleta uzi, unamtukana mwenzio na wewe utaua mtu. Pini 8?! Kuna amplifaya ambazo swichi ya standibai (ya kuizima sauti huku hita zikiwaka) iko kati ya rektifaya na kapasita ya kwanza. Swichi ikiwa wazi, pini 8 inasoma sifuri na kapasita imeshikilia volti 400 inakungoja. Pima kwenye mguu wa kapasita yenyewe, moja baada ya nyingine. Na ukitoa rezista, acha dakika moja upime tena, maana kapasita za zamani hurudisha chaji zenyewe.

Risasi_6040:

Hapo umenikosoa kwa haki, mzee wangu. Wasomaji fuateni alivyosema. Lakini ikiingia imekubali bado ni uchawi!

Fyuzi_Nyekundu:

Huyo wenu ana nafuu. Mnamjua yule mwingine wa upande wa pili wa mji? Fyuzi ikikatika anaifunga karatasi ya sigara, ile ya fedha ya ndani ya pakiti. KARATASI YA SIGARA! Rektifaya ikipiga shoti hapo hakuna kinachokatika tena, transfoma inatoa lami mezani. Amplifaya iliyoandikwa fyuzi ya ampea 2 kwa volti 120, ikibadilishiwa transfoma ya 230 inataka fyuzi ya ampea 1 ya kuchelewa kukatika. Yeye anaweka 5 "isisumbue".

Oktali:

Na wale wanaochomeka amplifaya ya Marekani, ya volti 120, moja kwa moja kwenye 230? Hita za volti 6.3 zinapata 12, fyuzi ikiwa ya sigara ndiyo basi. Kingine, zile zenye waya wa miguu miwili zina kakapasita kati ya njia ya umeme na chesisi. Kikipiga shoti, chesisi inakuwa na umeme, nyuzi za gitaa zinakuwa na umeme, na mdomo wako uko kwenye maikrofoni. Kikateni, wekeni waya wa nyaya tatu, ethi (waya wa ardhini) ifungwe kwenye chesisi kwa boliti yake peke yake.

BesiNzito:

Hapo sasa mmesema cha maana. Stepdauni (transfoma ya kushusha 230 kuwa 120) ya VA 500 inatosha kwa amplifaya ya Super Reverb?

Fyuzi_Nyekundu:

Inatosha na kubaki. Ila nyingi ni autotransfoma, zenye koili moja tu, hazikutengi na umeme wa ukutani. Hakikisha tundu la ethi linapita mpaka upande wa 120, mengi ni pambo tu. Pima kwa testa, isome karibu na sifuri ohmu.

Gambusi:

Ninayo moja ya VA 500, ethi imepita, nimeipima.

BesiNzito:

Bei?

Gambusi:

Njoo inboksi.

Risasi_6040:

Jamani, tulikuwa tunaongelea rektifaya...

Mzee_wa_Risoneta:

@Gambusi ukimaliza na huyo, una nyingine?